Kidole Kimoja

Kwenye tangazo la mazishi wameandika: mchezaji wa kriketi.
Nimempigia mwenyekiti wa kamati kumwambia ni besiboli.
"Si ndiyo ile raunda ya wasichana wa darasa la sita?"
Nikakata simu. Nikapiga tena, kwa sababu
pesa za basi la Muthara zilikuwa kwangu.

Kaberia, hata kufa umekufa kwa jina la mchezo wa watu wengine.

Mimi ndiye niliyekudakia.
Miaka minane nimechuchumaa mbele yako
katika uwanja wa shule kule Umoja, Jumapili saa moja unusu,
kabla kanisa la hema halijafungulia vipaza sauti.
Dole gumba langu la kushoto limepinda hadi leo.
Daktari alitaka kulinyoosha, nikamwambia aliache,
ni risiti.

Mkono wako ulisomea Muthara,
kwa kufukuza tumbili kwenye mahindi ya nyanya yako.
"Jiwe halihitaji nguvu," ulikuwa ukisema,
"jiwe linataka kuagwa vizuri."
Nilidhani ni maringo tu.
Kisha mpira wa kwanza ukaja,
ukaingia kwenye glavu kama mlango uliobamizwa na upepo,
na mbwa wa bawabu akaamka.

Japani walikulipa misimu mitatu.
Si ligi kubwa, ulitusahihisha kila mara, ni ile ya chini yake:
mji mdogo wenye theluji, mashabiki mia nne,
na bibi kizee mmoja aliyekuletea soksi.
Ulituma picha moja. Wewe, kofia,
pumzi ikikutoka kama moshi wa jiko.
Mama yako aliibandika juu ya kabati la vyombo
akawaambia wageni kwamba uko jeshini.
Ilikuwa rahisi kueleza.

Halafu bega.

Hukulisimulia. Ulirudi na begi moja,
ukapata kazi kwenye duka la rangi, Barabara ya Kirinyaga,
ukiwachanganyia krimu na kijivu watu wanaojenga Ruai.
Siku ile kijana alipompokonya mama mmoja simu pale mlangoni
ulishika kopo la vanishi, la robo lita,
mguu wa kushoto ukapanda wenyewe,
nami nikajisemea: ole wake kijana.
Mkono ulifika sikioni ukakwama.
Kijana akapotelea upande wa Ngara.
Ulilifuta lile kopo vumbi, ukalirudisha kwenye rafu,
lebo ikitazama mbele.
Nilikuwa nimekuja kukukopa mia tatu.
Ukanipa. Hatukuzungumza lolote jingine.

Jumapili iliyofuata ulianza kurushia mkono wa kushoto,
vibaya, kama mtu anayeandika jina lake gizani,
na watoto wa Umoja wakacheka hadi wakakaa chini,
nawe ukacheka, ukaokota, ukarusha tena.
Mpira wa soksi na mpira wa ndani wa baiskeli, uzi juu.
Yule Nkirote wa miaka kumi na mmoja
sasa anauaga mpira vizuri kuliko sisi sote.
Sijui nani atamwambia.

Jana mochari walikuwa wamekuvisha suti ya binamu.
Mikono wameilaza kifuani, wa kulia chini ya wa kushoto,
umefichwa, kama kitu cha kuazima.
Watu walipita, wakainamisha vichwa.
Zamu yangu ilipofika magoti yakakunjika yenyewe.
Nikachuchumaa.
Mjomba wako alidhani nimezirai, akaitisha maji.
Kumbe nilikuwa nakupa ishara, chini, katikati ya mapaja,
mahali ambapo mpinzani hawezi kuiiba:
kidole kimoja.
Ya moja kwa moja. Ya kasi.

Mwenyekiti, kwenye wasifu andika: mrushaji.
Nafasi isipotosha, punguza orodha ya wajomba.
Na kwenye daftari la mchango ongeza mia tatu.
Pale pa jina, acha wazi.